Alama Tisa

Bi Verlie Fruge alikutwa Jumapili saa nane mchana kwenye sakafu ya maabara, bado amevaa gauni la kanisani, kichwa chake kando ya meza ya chuma. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amepima damu za watu wa mji huu mdogo wa Louisiana. Sasa yake ilikuwa inakauka chini, na watu walikuwa wanaikwepa wasiikanyage.

Inspekta Nolia Arceneaux hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka meza, akarudi, akazunguka tena. Bi Verlie ndiye aliyempima mama yake mpaka wiki ya mwisho.

"Amesukumwa," daktari wa polisi alisema. "Ana michubuko ya vidole mabegani. Kisha kisogo kikagonga ukingo wa meza."

Mezani palikuwa na mafaili ya wafanyakazi, kwa kuwa mkaguzi wa jimbo alitarajiwa kesho yake. Kando yake, boksi la viatu lililofungwa kwa mpira.

Aliyemkuta alikuwa Mai Tran, mtaalamu wa zamu ya mchana. Mikono ya koti lake jeupe ilikuwa na damu.

"Ulimgusa?"

"Nilitafuta mapigo ya moyo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ijumaa mligombana."

"Alininyima likizo. Sasa mtu unaua kwa ajili ya likizo?"

"Leo aliongea na wewe?"

"Alinipigia saa saba na nusu. Nilipopokea, simu ikakatika. Nikapiga mimi, kimya."

Konstebo Guidry alisogea sikioni kwa Inspekta. "Tumchukue huyu. Damu anayo, ugomvi upo. Na gumbo la mama, mchuzi wa Jumapili, linapoa."

"Litapashwa."

Mai alikuwa amesikia. "Nifungeni basi! Mtihani nimeufanya mara tatu ndipo nikapata leseni. Mkinitia pingu leo, kesho Bodi ya leseni inaifuta. Halafu mje mniambie samahani."

Inspekta aliagiza Tobin Meche, wa zamu ya asubuhi, aitwe.

Tobin alifika na harufu ya kamba wa kuchemsha, vidole vyekundu kwa pilipili.

"Ulitoka saa ngapi?"

"Saa saba na dakika kumi, afande. Bi Verlie alitoka kanisani akaja kupanga mafaili. Akaniambia, nenda mwanangu ukale na wenzio, nitashika mpaka Mai aje."

"Hukugonga kadi ya kutokea."

"Nilisahau. Njaa, afande."

Inspekta alianza tena kuzunguka. Miguu ikampeleka kwenye jokofu la damu. Mlangoni ilining'inia karatasi ambayo kila anayemaliza zamu huandika joto la jokofu, saa, na herufi za jina lake. Mstari wa mwisho ulisomeka: nyuzi nne. Saa saba na dakika arobaini. T.M.

Aliitazama mara mbili, akaibandua. Kisha akachukua faili la juu kabisa mezani, la Tobin. Ndani mlikuwa na barua ya matokeo ya mtihani, kona yake imekunjwa. Alama 491. Amefaulu. Chini yake, mchanganuo wa alama za kila somo. Alimpelekea Mai.

"Bi Verlie aliikunja hii. Ina kasoro gani?"

Mai aliisoma, akacheka bila furaha. "Aliyefaulu anapewa jumla tu, basi. Huu mchanganuo wa kila somo ni wa sisi tulioanguka, tujue pa kurudia. Mimi ninazo mbili nyumbani."

"Kwa hiyo?"

"Tatu imegeuzwa nne. Alipata 391, na kufaulu ni mia nne. Kibali chake cha muda kimeisha Ijumaa, akatuambia leseni iko njiani. Bila huo mtihani jimbo halikupi leseni, na bila leseni hapa hugusi hata mkojo."

Inspekta alirudi kwa Tobin, akaweka karatasi ya jokofu mbele yake.

"Nani aliandika mstari huu?"

Tobin aligusa herufi za jina lake kwa kidole.

"Ulisema saa saba na kumi."

"Sikujua nimeandika. Alikuwa yuko chini. Nilitaka kukimbia. Nikapita pale, mkono ukaandika wenyewe. Joto la damu lisiposomwa, mgonjwa anaweza kufa. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Kwa nini ulimsukuma?"

"Aliniambia nivue koti, sasa hivi. Akachukua simu kunishtaki kwa Bodi. Kwa kughushi wangenifungia mtihani maisha. Alama tisa, afande! Tisa tu! Nilitaka ile simu, basi. Nikamshika..."

"Jumapili Bodi imefungwa, Tobin."

Tobin akainua kichwa.

"Alikuwa anampigia Mai, aje mapema akushikie zamu."

Inspekta alifungua mpira wa boksi la viatu. Lilijaa kadi za kujisomea, maswali mbele, majibu nyuma, kwa mwandiko wa Bi Verlie. Ndani ya kifuniko alikuwa ameandika: *Tobin. Mtihani wa Mei. Jumamosi nyumbani kwangu, njoo na njaa.*

Chini ya kadi kulikuwa na barua kuukuu, imekuwa ya njano. Ilikuwa na jina la Bi Verlie mwenyewe. *Hukufaulu.* Na mchanganuo wa kila somo.

Tobin aliishika kwa vidole vyake vyekundu.

"Na yeye alianguka?" aliuliza. "Kwa alama ngapi?"

Inspekta, kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliketi. Akamwonyesha mstari kwa kidole.

Kumi na moja.