Mkataji

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitali imefurika watu. Mwanamke alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, limemkaa vilivyo. Mwanamume, fundi lifti na ovaroli lake la kazi, alikuwa amefuata dawa za presha za mama yake. Akamtania kwamba gauni hilo limemsahaulisha namba yake ya foleni. Mwanamke akamwambia arudi nyuma ya foleni akaikumbuke huko.

Miezi saba walipigiana simu kila mchana. Mwanamke hakumficha kitu: ana ugonjwa wa akili, anameza dawa kila siku, na ndiye mkataji mkuu wa kiwanda cha nguo. Miaka sita hajaharibu hata jora moja.

Kisha daktari akambadilishia dawa, ikawa inamletea usingizi asubuhi. Fundi, na mapenzi yake yasiyouliza, akaenda kwa meneja kumwombea zamu ya mchana, na sababu akaitaja: ugonjwa wa akili.

Kesho yake mkasi wa mkataji ulikuwa umefungiwa kabatini. Ni kwa usalama wa wote, alisema meneja. Akapelekwa kukunja mashati, na wenzake waliokuwa wakila naye sahani moja wakaanza kumpita mbali. Miaka sita mkasi ule haukumkwaruza mtu. Leo umekuwa silaha kwa sababu ya neno moja! Na hata kukasirika alinyimwa, maana angepandisha sauti wangesema, mnaona, ugonjwa umeanza.

"Nani alikutuma?" mwanamke alimuuliza fundi kwenye simu, taratibu mno.

"Nilitaka kukusaidia, mpenzi."

"Ungeniuliza."

"Basi acha kazi. Nikuoe, ukae nyumbani, nikutunze."

"Kumbe na wewe unataka kunifungia kabatini." Akakata simu.

Wiki tatu hakupokea simu zake. Fundi alimlaani meneja mpaka akachoka, ndipo akakubali kwa aibu kwamba mlango aliufungua yeye mwenyewe. Akamwandikia ujumbe: amekosa, na akimhitaji awe shahidi, atasema alichokifanya, basi. Jibu likaja na tarehe ya kufika ofisi ya kazi ya serikali, mwanamke alikomshtaki meneja.

Siku hiyo meneja, suti imenyooka, alimsimulia ofisa habari za mwanamke aliyeketi hatua mbili kutoka kwake, kana kwamba hayupo. Ofisa naye akamgeukia fundi.

"Mgonjwa anaendeleaje siku hizi?"

"Yuko hapo. Muulize mwenyewe."

Mkataji akajieleza. Akaweka mezani barua ya daktari na daftari la kazi zake za miaka sita, akamwambia ofisa atafute humo kosa moja. Ofisa alifunua kurasa kwa muda mrefu. Hakulipata. Akamwamuru meneja amrudishe kwenye meza yake, tena kwa zamu ya mchana. Akavuta fomu.

"Na huyu bwana ni nani wako?"

Mwanamke aliichungulia ile fomu kwanza.

"Hapo kwenye kazi umeandika mkunja mashati. Futa, mimi ni mkataji. Huyo ni mchumba wangu, ndiyo kwanza anasikia."