Bega la Gaspari

Simoni alifika mwaloni, pale vyombo vinapoegeshwa, saa moja jioni. Mkewe, Dorkas, alikuwa juu ya baiskeli, ameshikiliwa na mkunga, Bibi Magdalena. Uchungu ulikuwa umeanza juzi. Mtoto alikaa vibaya. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatwa na mvua siku ya nne sasa, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya Ziwa Singidani. Njia ilibaki moja: mashua ya kijiji.

Ilikuwa Machi 1975. Kijiji cha ujamaa kilikuwa na miezi mitano.

Mashua ilikaa juu ya mteremko wa mawe ulioshuka hadi majini. Wenyeji waliujenga wenyewe, kabla ya kijiji, na ulitumiwa na yeyote mwenye chombo. Mtu mmoja hakuweza kushusha mashua pale peke yake. Kwa hiyo palikuwa na kanuni, ambayo haikuandikwa na kamati yoyote. Ukisukumiwa chombo, una bega la mtu. Utalilipa kwa kumsukumia chake. Mwenye chombo asipopatikana, hulipa yeyote aliyekuwa amepanda. Mtu aliweza kukudai bega lake hata mwezi baadaye, hata ukiwa kanisani katikati ya wimbo, nawe ungetoka.

Jioni ile mwalo ulikuwa mtupu. Wanaume wote walikuwa mkutanoni na bwana aliyetoka wilayani. Simoni aliruhusiwa kuondoka. Alipoomba watu watatu wa kumsaidia, aliambiwa asubiri, ajenda zimebaki mbili.

Walimlaza Dorkas ndani ya mashua.

"Akishalala hapa simwinui tena," alisema Bibi Magdalena. "Sukuma, baba."

Simoni akaweka bega la kulia nyuma ya mashua. Akasukuma. Miguu iliteleza. Mashua haikusogea hata kidole.

Dorkas alikuwa ameacha kulia. Hilo lilimtisha Simoni kuliko kilio.

Akasukuma tena...

Mashua ikasogea.

Ikasogea tena, nyepesi, kama imewekewa magogo chini. Simoni alisikia mtu akihema upande wa pili wa mashua. Alisikia harufu ya ugoro, na ya matope ya chini ya ziwa.

"Bibi, wewe kaa naye. Usisukume."

Mkunga alijibu kutoka mbele, kwa sauti ya chini.

"Mimi nimekaa, Simoni. Nimemshika mkono. Huko nyuma uko na nani?"

Giza lilikuwa limeshaingia. Aliona kichwa kimeinama na bega la kushoto limegandamiza mbao. Nywele zilikuwa nyeupe. Alikuwa mzee.

"Shikamoo," alisema Simoni.

Hakujibiwa.

Katika kijiji kile hata walevi waliitikia shikamoo. Simoni hakurudia. Mashua iligusa maji, akarukia ndani, akashika kasia. Ndipo sauti ikatoka nyuma yake, taratibu, bila hasira.

"Ni mawili sasa."

Bibi Magdalena alimtazama. Simoni alipiga kasia bila kugeuka.

Alijua hesabu hiyo. Oktoba iliyopita, siku ya kwanza ya kuhamia, mzee Gaspari alimsukumia Simoni mtumbwi uliobeba mabati na vyungu. Bega moja. Jioni ya siku hiyohiyo Gaspari alikuja kuteremsha mtumbwi wake mwenyewe. Alitaka kurudi kwenye boma lake la zamani, alikozikwa baba yake. Mgambo walikuwa wametangaza kwamba atakayemsaidia mtu kurudi atalala ndani. Wanaume wanane walisimama pale.

"Simoni," Gaspari alisema, "nipe bega langu."

Simoni aliangalia viatu vyake.

Mzee akapita mbele, akauvuta mtumbwi kwa kamba. Mtumbwi ulianza kuteleza, ukapata kasi, ukampitia, ukaingia naye ziwani. Mtumbwi ulipatikana asubuhi. Gaspari hakupatikana. Mwezi uliofuata mtumbwi ulipasuliwa kuni za jiko la shule. Simoni mwenyewe ndiye aliyeshika shoka.

Dorkas alijifungua hospitali saa nne usiku, mtoto wa kike. Walimwita Sara. Daktari alisema wangechelewa saa moja tu, mama na mtoto wangekufa.

"Usimwambie mke wangu," Simoni alimwambia mkunga barazani.

"Nimwambie nini? Hata mimi sijui niliona nini." Bibi Magdalena alifunga kitenge chake. "Lakini lipa, baba. Lipa yote. Mashuani hukuwa peke yako."

Siku ya tatu Simoni alirudi peke yake na mashua. Jua lilikuwa linazama. Juu ya mteremko palikuwa na mtumbwi.

Aliutambua kwa kiraka cha bati kwenye ubavu. Hicho kiraka aliking'oa yeye, kabla ya kupasua kuni.

Alitaka kukimbia. Akamfikiria Dorkas na mtoto kitandani. Akapanda mteremko, akaweka bega.

Ndani hapakuwa na kitu. Bado ulikuwa mzito kama umejaa mawe. Alisukuma mpaka akatapika. Ulipoingia majini haukutoa sauti, wala maji hayakutikisika. Ulikwenda kuelekea upande wa mahame, kwenye maboma ya zamani, bila kasia, hadi giza likaumeza.

Kisha sauti, karibu sana na sikio.

"Bado moja."

Tangu siku hiyo Simoni alishuka mwaloni kila jua likizama. Alimwambia mkewe anaangalia kamba za mashua. Dorkas alimtania.

"Mwenzangu umeoa mashua. Mimi umeniweka mpangaji."

Alicheka naye. Hakumwambia. Gaspari alipokufa, Dorkas alikuwa bado kwao Ikungi, akisubiri nyumba iezekwe. Hakuwahi kumwona mzee yule, na hakuna mtu kijijini aliyelitaja jina lake.

Mwaka ukapita. Mtumbwi haukuja.

Machi ya mwaka uliofuata homa ilimlaza Simoni siku mbili. Jioni ya pili aliamka akakuta chumba kina giza na Sara amelala ubavuni pake. Alimwita mkewe. Akajaribu kusimama, akaanguka.

Mlango ukafunguliwa. Dorkas aliingia akiwa amelowa hadi magotini.

"Lala, baba Sara. Nimekwenda kuangalia kamba zako, usije ukanifia kwa wasiwasi."

Harufu ya ugoro ilijaa chumbani.

"Kulikuwa na mtu?"

"Mzee mmoja, na mtumbwi wake. Alikuwa ananisubiri kabisa. Nimemsukumia mara mbili, maana mara ya kwanza wimbi liliurudisha."

"Ulimwamkia?"

"Wewe nawe! Mimi sina adabu?" Alijifuta bega la kulia. Matope hayakutoka. "Nimemwamkia. Akaitika marahaba vizuri tu, akaniuliza mtoto anaendeleaje."

Simoni alishika ukingo wa kitanda.

"Akasema nini tena?"

"Amesema wewe humdai na yeye hakudai." Dorkas aliinama, akamfunika Sara shuka. "Ila deni lilikuwa bega moja, mimi nimetoa mawili. Sasa yeye ndiye ana bega langu. Siku nitakapotaka kuvuka, nisiite mtu. Atakuja kunisukuma mwenyewe."