Tangi Langu Jipya Liliniaibisha Mbele ya Mashemeji

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka hamsini na tisa, mjane wa mwanajeshi, mpika malwa wa mtaa wa Kamwokya. Shule niliishia darasa la pili. Kiswahili changu ni cha kambini, na anayetaka kukicheka acheke. Nimelea watoto watano kwa hiyo malwa, pombe ya ulezi, na hakuna aliyelala na njaa.

Nilikuwa napikia kwenye mapipa ya plastiki. Yalichakaa, yakawa yananuka pombe ya juzi hata ukiyaosha. Nikaenda Katwe kwa fundi mmoja Mkenya, akanitengenezea tangi la stenlesi la lita mia mbili, lenye bomba chini. Liling'aa… unajiona uso mle ndani!

Nilikwenda na Mama Stella, jirani yangu, mpika malwa mwenzangu, rafiki wa miaka ishirini na miwili. Naye alinunua lake, lilelile. Yeye alisoma hadi sekondari, na alipenda watu wajue.

Tangi nilikuwa na haraka nalo. Mume wangu alikuwa ametimiza mwaka kaburini na ndugu zake walikuwa wanakuja kumaliza matanga. Katika ukoo wao, siku hiyo pombe hutoka kwa mjane. Ikiwa nzuri, mashemeji wanakuheshimu mpaka unakufa. Ikiwa mbaya… mtasikia. Nilitaka kumuaga mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Fundi alinipa karatasi ya Kiingereza, ya namna ya kuandaa tangi kabla ya kulitumia. Akaniambia na kwa mdomo kwamba tangi jipya si safi hata kama linang'aa, na akataja sabuni. Nikamwangalia hivi… Mchomelea vyuma atanifundisha mimi usafi wa pombe? Nikampa mgongo akiwa bado anasema.

Nyumbani nikampa Mama Stella karatasi anisomee. Akaisoma kimya, midomo inacheza, halafu akasema imeandikwa nisuuze kwa maji baridi mara mbili, basi. Nikamuuliza kuhusu ile sabuni ya fundi.

"Sabuni kwenye pombe, mukwano, rafiki yangu? Wewe ndiye wa kufundishwa hivyo?"

Nilicheka sana. Kila mpika malwa anajua kwamba chombo cha pombe hakiguswi na sabuni. Chungu unakisuuza tu, na kile kidogo kinachobaki ukutani ndicho kinachoamsha pombe inayofuata. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu pia. Nikasuuza mara mbili, nikamaliza.

Malwa si chai. Unga wa ulezi unauloweka, unachachuka, unaukaanga juu ya bati, unauanika, ndipo unatia maji na kimea na kungoja uumuke. Yangu ilichukua wiki mbili. Siku ya kuonja nilisikia ladha ngeni, kama mtu ameshika ufunguo kwa meno. Nikajiambia ni upya wa tangi. Kiburi hakina ulimi, ndugu zangu!

Siku ikafika. Chungu katikati, wazee wamekizunguka na mirija yao mirefu, nikamimina maji ya moto juu ya malwa. Hapo ndipo mafuta yalipopanda! Utando wa rangi rangi kama dimbwi la gereji, na vichembe vyeusi ndani yake. Shemeji yangu mkubwa, mstaafu wa jeshi, alikuwa ameshavuta. Akatema pembeni, akautazama mrija.

"Shemeji," akasema polepole, "ndugu yangu aliendesha lori la jeshi miaka ishirini. Hata yeye hakuwahi kunywa oili yake."

Wanaume wazima wakacheka kwenye matanga!

Kabla ya saa moja kupita Mama Stella akaingia na madumu manne ya malwa, mbele bodaboda, nyuma yeye. Akasema amekuja kuniokoa, wageni wasikae na kiu. Walikunywa mpaka jioni, wakasifu. Shemeji akatangaza kwamba pombe ya ukoo hapa mjini sasa itapikwa na huyo mama. Mimi nilikaa jikoni… mjane ananusa pombe ya mwanamke mwingine kwenye matanga ya mume wake. Mnajua uchungu wa hilo?

Wateja wangu wakamfuata. Mnywaji ni mtu gani? Miaka yote anakuita mama, ukikosea siku moja anakuita Gereji. Jina hilo lilinifuata hadi sokoni.

Nililia siku tatu. Ya nne akili ikarudi. Mama Stella alikuwa ameniambia mwezi ule hapiki kabisa, mgongo unamuuma. Sasa malwa iliyoiva ilitoka wapi? Ile ilianza siku moja na yangu! Nani anapika pombe ya kuokoa watu wiki mbili kabla hawajapatwa na jambo?

Nikachukua karatasi, nikapanda bodaboda hadi Katwe. Fundi akanisomea yote bila kunicheka, na mimi ningekuwa yeye ningecheka. Ndani ya tangi jipya mna mafuta ya mashine na vumbi jeusi la kung'arishia. Pitisha kwanza kitambaa cheupe chenye mafuta ya kupikia, uone weusi unavyotoka. Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza sana, rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe. Halafu maji yenye unga wa ndimu, yakae, usuuze, liache likauke lenyewe. Usisugue kwa waya, utaleta kutu.

Kutoka hapo nikaenda kwa Mama Stella. Nilimkuta anaanika ulezi. Sikumsalimia. Nikamuuliza alianza lini kupika ile malwa ya matanga. Akaiona karatasi mkononi mwangu, hakukana.

"Hata ningekusomea, ungenisikiliza?" akasema. "Umewahi kumsikiliza nani?"

Nimemdharau tangu siku hiyo. Elimu yote ile ya sekondari, kazi yake ikawa kumficha rafiki mstari wa sabuni! Lakini lile jibu… lilinikaa kifuani. Fundi alikuwa ameniambia, bure, na nilimpa mgongo. Yule mwanamke alinidanganya kwa maneno yangu mwenyewe, ndiyo maana uongo ulinikolea.

Nikaliosha tangi. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Niliosha mara tano. Nikaanza upya kwa askari wa polisi waliohamia karibuni, wasiojua habari za Gereji. Wale wa zamani wakarudi mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa safarini. Niliwauzia, sikuwachekea. Pombe ya ukoo haikurudi. Na matanga ya mtu hayamalizwi mara mbili… hilo limekwenda.

Wasomaji, chombo kipya kiosheni kama kimetoka kwa adui. Karatasi usiyoweza kuisoma, wape watu wawili wasiojuana wakusomee. Na mtu akikuelekeza bila kukuomba kitu, ngoja amalize. Msipite nilikopita mimi.

Leo nina nyumba ya tofali ya vyumba vinne, kiwanja njia ya Ggaba, matangi matatu ya stenlesi, vyungu sita, mirija arobaini, na ng'ombe wanane kule Teso. Rafiki sina. Nafasi iko wazi, ila sijaitangaza.