Kitufe cha Nimeona

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili, nikiwa kitanda cha pili na mguu umefungwa plasta. Asiyeamini akavunje wake.

Wodini mwetu kulikuwa na kompyuta iliyolia kila vipimo vya damu vilipoonyesha figo za mgonjwa zinazidiwa. Kuinyamazisha ni kubonyeza kitufe kimoja: NIMEONA. Daktari wa zamu alikibonyeza macho yakiwa kwenye simu yake, hata tukambandika jina hilo. Daktari Nimeona. Koti jeupe, kichwa cheupe kulishinda.

Mchana mmoja ikamlilia mama wa kitanda cha kwanza. Skrini ikaandika: figo zinakufa, simamisha sindano ya maumivu. Daktari akabonyeza. Ikalia tena, safari hii kwa sauti kavu, kama ya mtu mwenye kiu.

"Dokta," binti wa yule mama alinong'ona, "mama hajakojoa tangu jana, na sindano bado mnamchoma."

"Nimeona, dada."

"Umeona nini, na shingo hujaigeuza?"

Hapo ikaanza harufu ya mkojo, ilhali mfuko wa mkojo wa mama ulikuwa mkavu kama soli ya kiatu, na harufu ile ikatambaa chini ya vitanda, ikapanda mapazia, ikatukaa kooni, huku kompyuta ikiita kwa sauti ya mama mwenyewe, ambaye midomo yake ilikuwa imefumba kabisa, ikisema geuka, geuka, geuka.

"Kamwite mganga," nesi alimnong'oneza mlinzi. Alimaanisha Mganga Mkuu, bosi wa hospitali. Mlinzi, bichwa maji lile, akaleta mganga wa majini na ubani wake.

Mganga akafukiza, akakemea, mwisho akachomoa waya. Kimya. Daktari akatabasamu kana kwamba kazi kaifanya yeye. Skrini ikawaka bila umeme, ikaita tena.

Mganga akakusanya vyake. "Huyu simtoi," alisema kwa sauti ya chini. "Hana ubaya na mtu. Anataka tu huyo bwana atazame."

Basi daktari akageuka, akamtazama mama, akasimamisha sindano, na kufika jioni mfuko ukaanza kujaa.

Harufu, waya, sauti, vyote kweli tupu. Nimebuni kimoja, kwa kumhurumia yule binti. Daktari hakugeuka. Alinyoosha kidole, akabonyeza. Kitanda cha kwanza kikapata mtu mwingine, na hadi naruhusiwa kutoka, kompyuta ile ilikuwa ikiita kwa sauti ya mama yule.