W Niliyomwongezea Valentine

"Elea, Mama Haika! Mwalimu anasema wino upakwe kama unaelea, wewe unasugua kama sufuria la makande!"

Huyo ni Valentine. Mchaga wa Kibosho, miaka sabini na moja, ameendesha mabasi ya London miaka ishirini na sita. Anaitwa Valentine na hajawahi kuniletea ua hata la kuokota.

"Basi, nimesikia," nikamwambia.

"Basi namba ngapi?"

Kila nikisema basi, anauliza namba ngapi. Utani wenyewe mmoja, na mimi mjane wa miaka sitini na saba nacheka kila mara kama nimeusikia leo. Hapo tu ningejua nimekwisha.

Tulikuwa maktaba ya Thornton Heath, Alhamisi asubuhi, darasa la bure la wazee. Mimi nakaa jirani hapo kwa binti yangu Haika. Valentine alikuwa anapanda treni mbili kutoka Stratford, eti kwa kupenda sanaa. Mwalimu wetu Fumiko, mama wa Kijapani mwembamba kama sindano, alitufundisha kuchonga ubao na kuchapa picha. Alituonyesha picha za kwao za zamani: wanawake na miamvuli, waigizaji, watu wanatazama maua, wote kama hawakanyagi chini. Akasema hizo ni picha za dunia inayoelea.

Siku nyingine akapuliza filimbi ya mwanzi. Sauti moja ikatoka, ikakaa hewani, ikakaa, ikafa.

"Kasahau wimbo?" nikanong'ona.

"Wacha, Mama Haika, hiyo ndio wimbo," akasema Zipporah, nesi mstaafu kutoka Nyeri, mlokole, ameketi nyuma yetu ametulia kama paka.

Kiingereza changu ni cha dukani, kwa hiyo Valentine alinitafsiria. Mwalimu alisema zamani neno hilohilo la dunia inayoelea, sauti ileile, liliandikwa kwa alama nyingine, maana yake dunia ya huzuni. Watu wakachoka na huzuni, wakabadilisha alama. Sauti ikabaki.

"Muulize, kwa hiyo ile huzuni ilikwenda wapi?"

Akamuuliza. Fumiko akacheka, akaonyesha chini ya meza.

Valentine alichopenda yeye ni gugu moja la kwenye mashairi yao, linaloelea bwawani, mzizi umekatika.

"Ndiyo mimi huyo, Elieshi. Tangu mke wangu afariki."

Akiniita Mama Haika, ni utani. Akiniita Elieshi, naunguza ulimi kwa chai.

Sasa mjue jambo moja. Valentine hajui kuandika meseji. Herufi kwake ni kama abiria, wengine anawaacha kituoni. Siku moja nilimwandikia: "Kesho usije, Haika ana wageni." Akajibu: "Nimelewa."

Nikapiga simu nikiwa mkali.

"Valentine! Si uliniambia uliacha pombe mwaka ule wa msiba?"

"Niliacha."

"Mbona umelewa saa nne asubuhi?"

"Nani kalewa? Nimesema nimeelewa! Kwamba nisije!"

Nilicheka mpaka Haika akatoka chumbani. Toka siku hiyo nikawa namsahihisha kimoyomoyo. Akiandika "nakuja keso," nasoma kesho. Nikajiona mwalimu mkuu.

Mwaka ukapita, wa pili ukaanza, sisi ni chai tu kwenye kile kimgahawa karibu na maktaba. Mwezi wa sita nikamwambia:

"Valentine, sisi ni nini?"

"Tunaelea, Elieshi. Si umemsikia mwalimu? Tunaangalia maua."

"Bafuni kwa Haika kuna bata wa plastiki. Naye anaelea. Mimi nataka mume, sitaki bata."

Hakucheka. Akakoroga chai isiyo na sukari.

"Naogopa. Nilishazika mmoja."

"Na mimi nilizika. Hatuhesabiani makaburi. Unanitaka au hunitaki? Ukinitaka, twende kwa mchungaji, au hata kwa padri wako. Usiponitaka, usinipandie tena treni mbili."

"Nipe mpaka Jumatano."

"Jumatano. Basi."

"Namba ngapi?" akauliza, lakini kwa sauti ndogo.

Jumatano nilipika, nikaunguza. Saa nane mchana simu ikalia. Meseji ya Valentine:

"Elieshi siwezi kuelea tena"

Mwalimu mkuu nikasoma, nikaona kameza herufi. Nikamwekea W yake. Siwezi kuelewa tena. Yaani miaka karibu miwili ya chai, mzee huyu ananiambia hanielewi! Machozi yalinitoka kwa hasira. Nikaandika neno moja:

"Basi."

Nikakaa na simu mkononi. Safari hii hakuuliza namba ngapi.

Alhamisi sikwenda darasani, wala iliyofuata, wala nyingine. Alipiga simu mara mbili, nikaiangalia ikilia. Haika akaniuliza:

"Mama, umegombana na mzee wako?"

"Sina mzee. Nina mguu unauma."

Mwezi wa kumi ikaja kadi. Valentine na Zipporah, ofisi ya ndoa Stratford, Jumamosi saa sita.

"Mama, huendi," Haika akasema.

"Naenda. Nimeshanunua kofia."

"Ya rangi gani?"

"Itaonekana."

Ilionekana, maana ilikuwa ya njano. Ukumbini Fumiko akanijia mbio, akanishika mikono, akanipa bahasha. Alisema polepole ili Kiingereza changu kimfikie: Valentine aliichonga kwa ajili yako, alitaka kukupa Alhamisi ile, hukuja. Aliiacha darasani. Nimekutunzia.

Nikaitoa. Bwawa. Gugu linaelea, lakini limeshusha mzizi mmoja mrefu mpaka kwenye tope. Chini yake, kwa herufi za kuchongwa, moja moja, bila kosa: SIWEZI KUELEA TENA.

Nilitafuta W. Nikaigeuza karatasi, labda imekwenda nyuma. Haikuwepo.

"Hiyo nilimsaidia mimi," sauti ikasema. Zipporah, gauni la rangi ya maziwa, maua mkononi. "Alikuwa amechora kuelewa. Nikamwambia, toa W mzee, utamchanganya mama wa watu."

"Wewe ulijua ni yangu?"

"Darasa nzima ilijua. Hata meseji aliniletea niangalie kabla atume." Akaniangalia usoni, hakukwepa. "Nilingoja miezi mitatu urudi, Mama Haika. Kwa Mungu, nilingoja. Mtu analia mbele yako kila Alhamisi, unampa kitambaa, mwisho unampa na chai. Wewe ulisema basi."

Ningemtukana, ningepumua. Lakini nilitafuta tusi nikalikosa. Yeye aliitoa W, mimi nikairudisha.

Tukaingia. Msajili, mama mmoja wa Kihindi aitwaye Balwinder, akasoma yale yao, mwishowe akauliza kama kuna mtu yeyote anayejua sababu ya ndoa hii isifungwe. Simu ilikuwa mkononi mwangu, meseji imefunguka. Koo likaniwasha. Nikakohoa.

Watu wote wakageuka. Valentine akageuka, shingo ya koti imemzidi, uso umempauka. Haika akanifinya paja.

"Kikohozi," nikasema. "Endeleeni."

Wakaendelea.

Nje tukapanga mstari wa kuwapa mkono. Nilipofika kwa Valentine nikamwinamia kwa kofia yangu, kama anayempongeza.

"Ile meseji," nikamwambia sikioni, "nilisoma kuelewa. Nilidhani umeacha herufi."

Mkono wake ukabaki kwenye wangu. Mdomo ukafunguka, pakatoka pumzi tu, ikakaa hewani kama ile filimbi.

"Sogea, mama," mtu wa nyuma akanigusa. "Na sisi tupongeze."

Nikasogea.

Sherehe sikukaa. Haika alibaki kula, mimi nikapanda treni na bahasha yangu. Saa nane simu ikalia.

"Nimelewa."

Harusi ya walokole, kinywaji kikali kuliko vyote kilikuwa juisi ya tangawizi. Nilijua ni herufi gani aliyoiacha kituoni. Sikumwongezea. Nikaandika:

"Basi."

Vituo viwili vikapita. Simu ikatetemeka tena.

"Namba ngapi?"

Nikaifungia kwenye mkoba pamoja na lile gugu, nikavua kofia. Nilikuwa nimeshapanda treni.