Nguzo ya Katikati

Imezama tena! Damas alilala kifudifudi uvunguni mwa nyumba, akapima kwa vidole: vinne, kama jana, kama juzi. Akaanza kuyatukana mawe, akakumbuka hii ni nyumba ya mkwewe, akajing'ata ulimi.

Nyumba ilijengwa hapo Tabora na tajiri wa pembe za ndovu enzi za misafara ya wapagazi. Wajerumani wakaja kuitandika sakafu ya mbao juu ya nguzo za mawe. Sasa ni zama za Mwingereza, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, amesema: Jumamosi akikuta sakafu bado imebonyea, nyumba inavunjwa. Bi Eustadia, mjane wa watu, hakuwa na pengine pa kulaza ubavu. Getruda, bintiye, alimwambia mumewe bila kuficha, "Wewe fundi wa mji mzima, mama yangu alale nje?"

Basi Damas akatia kokoto, akashindilia, akainua kwa jeki, na kila asubuhi akakuta nguzo ya katikati imezama. Kutwanga maji kinuni ni kazi yenye nafuu kuliko hiyo.

Afadhali alikuwa na wa kusalimiana naye. Tangu Jumanne hatua zilipita juu ya kichwa chake, nzito, za mtu aliyejitwika mzigo, na harufu ya udi ikashuka kwenye nyufa za mbao. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni; kwa hiyo hatua zilipokoma yeye aliinamisha macho mchangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," ilijibu sauti ya chini.

Ijumaa mchana sauti ile iliinama karibu kabisa na ubao. "Baba, unajisumbua bure. Toa lile jiwe bapa la chini. Ndilo linalozamisha."

Jiwe lilikuwa limechorwa maandishi ya Kiarabu, kama ya hirizi. Fundi gani hutoa jiwe la chini kabisa? Lakini mkwe akisema, utabishaje? Akalichomoa. Ubaridi ukampiga usoni, mbao zikalia, na sakafu nzima ikapanda, ikanyooka. Damas alicheka peke yake kwa furaha.

Alipotambaa nje alimwona Getruda akisukuma baiskeli, na nyuma yake Bi Eustadia aliyebeba kibuyu cha asali; mara mama akajifunika kanga na kugeuka pembeni.

"Mama anatoka wapi?" Damas alimnong'oneza mkewe.

"Ipole, kwa dada yake. Tangu Jumapili. Nilidhani amekuaga."

"Ataniagaje, naye ni mkwe!"

Alirudi uvunguni mbio na lile jiwe, rozari mdomoni, akitambaa katika harufu nzito ya udi, akipapasa gizani kuitafuta nguzo ya katikati ili alirudishe jiwe mahali pake, mpaka mkono wake ukaigusa, nayo haikuwa mawe, ilikuwa na joto, ilikuwa na jasho, na ilipanda na kushuka kama kifua cha mpagazi chini ya mzigo.

"Nifukuze, baba," ikamnong'oneza sikioni, "nyumba ianguke." Damas akatoka na jiwe lake.

Jumamosi Bwana Shauri aliweka pimamaji sakafuni, akaridhika. Getruda alilia kwa furaha. Damas alikasirika kwa hila aliyofanyiwa, lakini amwambie nani?

Jumapili, baada ya misa, alisimama uani, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Bi Eustadia alijibu nyuma ya pazia.

"Marahaba, baba," ikajibu sauti ile uvunguni.