Kibati Namba Kumi na Saba

Asubuhi ile ya Jumapili mdomo wa mgodi wa kale uliofunguliwa kwa wageni ulijaa watu kama soko la mbuzi. Wanafunzi walisukumana wakigombea helmeti, wageni wa Nairobi walipigana picha, na katikati ya vurugu hiyo Nakiru alisimama na gauni lake la manjano, akijuta kumsikiliza rafiki yake Ruweida.

"Wewe unaishi dukani na kitandani tu," Ruweida alikuwa amemwambia akifunga mtandio. "Leo unatoka, wallahi, hata kama ni kuingia chini ya ardhi."

Ukweli haukataliki. Nakiru aliuza dawa za mifugo mjini Isiolo, na simu yake ililia tu mtu alipotaka dawa ya kupe au ya minyoo ya ngamia. Jioni alifunga duka, akapika chakula cha mtu mmoja, akala akitazama ukuta. Upweke ulikuwa umemzoea.

"Madam, hiyo helmeti umeivaa kama kofia ya kanisa."

Aligeuka. Kiongozi wa wageni, Mwongera, Mmeru mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka, alimwekea helmeti sawa kisha akawageukia wote.

"Sikizeni! Kila mtu achukue kibati chenye namba pale kwa ubao. Ukitoka, unakirudisha kwa msumari wake. Kibati kisiporudi, najua bado uko chini, na mimi narudi kukutafuta. Hiyo ni sheria ya mgodi tangu enzi ya wazungu."

"Na ukinikosa?" Nakiru aliuliza.

"Basi sitoki."

Watu wakacheka. Nakiru hakucheka. Alichukua kibati namba kumi na saba.

Chini kulikuwa na baridi na harufu ya mawe mabichi. Mwongera aliwaonyesha mstari mweupe ukutani ambao wachimbaji wa kale waliufuata wakitafuta dhahabu, kisha akawaambia wazime taa zote kwa dakika moja. Wanafunzi walipiga mayowe. Nakiru alinyamaza, kwa maana giza la namna ile alilijua. Ghafla sauti ya taratibu ikamjia karibu na bega.

"Uko sawa, madam?"

Hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa hivyo.

Walipotoka, katika msongamano ule, aliupita ubao na kutumbukiza kibati mkobani. Hakusahau. Alitaka kujua kama kuna mtu duniani atakayegundua kwamba hayupo. Alijiambia kwamba Mwongera ataona msumari mtupu, atafungua daftari la wageni lenye jina na namba yake na kumpigia simu. Mchezo tu.

Simu haikulia mchana kutwa. "Ona sasa, mjinga wewe," alijiambia. Saa kumi na mbili jioni ndipo ilipolia.

"Nakiru?"

"Ndiye."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Kwani..."

"Uko hai." Akasikia mwanamume mzima akihema. "Nimekutafuta chini kwa muda wa saa sita nzima."

"Kwa nini hukupiga simu kwanza?"

"Sheria ni kushuka kwanza. Mtu aliyefunikwa na mawe hapokei simu."

Hapo ndipo alipopaswa kusema kweli. Badala yake alisema, "Nilisahau. Pole sana."

Kesho yake Mwongera alikifuata kibati dukani, akichechemea, viganja vimechubuka. Hakuwa na hasira. Alikaa hadi wateja wakaisha, na tangu siku hiyo simu ya Nakiru ikapata kazi nyingine.

"Msahaulifu wangu, umeamka?"

"Nimeamka, mpenzi."

"Umesahau kuniota?"

"Nimekuota umelala na helmeti."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kisha siku moja, katika hoteli ya mjini, Mwongera alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi likakaa.

"Mama anataka kukuona, Naki. Nataka tuoane."

Nakiru aliweka kikombe chini. Furaha ilimjaa, na hofu pia.

"Sikusahau kile kibati," alisema. "Nilikibeba makusudi. Nilitaka kuona kama kuna mtu atanitafuta."

Mwongera alisukuma kikombe chake pembeni.

"Nilitambaa kwa magoti, maji yamenifika kifuani. Nilikuwa naomba Mungu nikupate, hata kama umekufa."

"Najua."

"Hujui. Na ningemtafuta mtu yeyote. Nilikuwa natafuta namba, Naki. Si wewe."

Akainuka, akaacha chai yake nusu.

Wiki tano zikapita. Ruweida alimsihi ampigie. "Nimwambie nini?" Nakiru alijibu. "Nilimpima mtu kama mbuzi wa mnada." Sasa chumba kilimuuma kuliko zamani, kwa sababu alijua sauti iliyokosekana. Lakini alijua pia kosa ni lake, na hakumlaumu mtu.

Jumamosi alasiri mlango uligongwa. Mwongera alisimama kizingitini na ovaroli yake ya kazini, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Nimepiga simu tangu juzi. Imezimwa. Nimeenda dukani, limefungwa." Sauti yake ilikuwa kali. "Huu ni mtihani mwingine?"

Nakiru alimwonyesha dirishani. Simu ilikuwa imezikwa ndani ya bakuli la mchele.

"Ilianguka kwa beseni la nguo. Na mimi nina malaria. Sikujua utapiga. Sikungoja mtu."

Mwongera aliiangalia simu, akaangalia macho mekundu ya Nakiru na leso aliyojifunga mabegani.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Lakini leo hakuna sheria iliyonituma. Nimekutafuta wewe."

Nakiru alilia bila kuficha uso. Kisha akasogea pembeni ili Mwongera apite ndani.